Kisanduku cha Miwani ya Mama

Jumamosi, 4 Mei

Nimemaliza kuchora! Kisanduku cha miwani ya Mama. Kwa nje ni kijumba cha mbao, paa ndilo kifuniko. Ukifunua, mwanga unaingia, kichwa cha Baba kinachomoza, macho mekundu yanawaka, na yeye mwenyewe anafoka: "Nani kachukua miwani yangu? Irudishwe ilipokuwa!"

Ni sauti yake kweli. Alimtumia Kaka ujumbe huo kabla hajaanza kuugua — na miwani yenyewe ilikuwa kichwani kwake. Kaka akanirushia. Mama hajui kama upo. Simu yake iliibwa na sauti zote za Baba zilizokuwamo, na juzi tukikunja nguo alisema ameanza kusahau Baba alivyokuwa akikohoa. Alisema hivyo huku akitafuta soksi ya pili. Nikajifanya sijasikia.

Kwa hiyo Mama awe wa kwanza kuisikia. Wa kwanza kabisa, siku yake ya kuzaliwa, Jumapili ya tarehe 19.

Nimemtumia Kaka mchoro mzima, nikamuuliza amefanana? Kajibu: "Ndiye mwenyewe." Nimecheka peke yangu kama chizi.

Jumapili, 5 Mei

Afadhali nimeona mapema! Lile doa jeusi la shavuni, alilokuwa akilikwaruza akifikiri — nimeliweka kulia. Lilikuwa kushoto! Nilichora kwa kutazama picha aliyojipiga mwenyewe kwa simu, na picha zile hugeuza uso. Nimerekebisha, mchoro ule wa kwanza nimeufuta. Kaka sijamwambia. Ya nini.

Jumanne, 7 Mei

Kwa fundi wa leza, yule anayekata mbao kwa mwali wa mwanga. Karakana inanuka mbao zilizoungua, na mimi napenda harufu hiyo, sijui nina kasoro gani. Nimempa mchoro mpya. Kaniambia leza hula mbao kidogo inapopita, kwa hiyo meno ya kuunganishia lazima yanenepeshwe, la sivyo kijumba kitalegea kama meno ya babu yake. Nimemwachia pia kidude cha sauti apime tundu la spika. Nimemsihi asimsikilizishe mtu. Akasema yeye na mashine yake hawana umbea.

Ijumaa, 10 Mei

Kijumba kimeingiana! Meno yameumana, sijatumia hata gundi. Jioni kibandani kwetu kazini, wateja wa simu mbovu walipokwisha, nimelehemu nyaya zangu: betri, swichi, sensa ya mwanga, taa mbili. Mara ya kwanza Baba kakwama shingoni, kafokea ndani ya nyumba yake. Nimepiga msasa kidogo. Mara ya pili kachomoza vizuri, kanikaripia. Nimelia, halafu nikafunua tena.

Jumanne, 14 Mei

Mwenzangu wa kibandani karudi kutoka duka la zawadi la pale kona, mbavu hana. Eti kuna kisanduku kina kizee kinagombea miwani yake. Nimevaa viatu nikaenda.

Rafu nzima! Vijumba vyangu vimepangwa kama mikate. Mama mmoja na wanawe walikuwa wanafunua kimoja, wanafunga, wanafunua. "Nani kachukua miwani yangu?" Wanacheka. Mmoja akamwigiza. Baba yangu, anaigizwa na mtoto mwenye mikono ya biskuti!

Nimenunua kimoja nikaenda moja kwa moja kwa fundi wa leza. Nimemtukana mbele ya wateja wake — mwizi, mnafiki, umemuuza mzazi wangu. Kafuta mikono, akarudi kwenye mashine yake. Hilo ndilo lililonipandisha hasira zaidi.

Jumanne, tena

Nimekiweka mezani cha dukani karibu na changu. Doa liko kulia.

Fundi hakuwahi kuuona mchoro wenye doa kulia. Ni mtu mmoja tu niliyemtumia.

Kaka.

Jumatano, 15 Mei

Nimekwenda kumwomba fundi radhi. Kasema yameisha, lakini hakunikaribisha kiti.

Alhamisi, 16 Mei

Ofisini kwa Kaka. Anapeleka bidhaa kwenye maduka ya zawadi, hilo nalijua tangu zamani, akili yangu tu haikufika huko. Hakukana. Hata aibu hakuwa nayo! Eti watu wanampenda Mzee, wanacheka, nilitaka afie kabatini? Nikamwambia sauti ile haikuwa ya kuuzwa. Ndipo akaniambia polepole, kama anayefundisha mtoto:

"Ni baba yangu pia. Na ujumbe alinitumia mimi, si wewe."

Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa, maana ni kweli. Nikamuuliza, doa la Baba lilikuwa shavu lipi? Katazama dari. Kulia, akasema. Miaka yote hiyo ya kula naye meza moja!

Nimemwomba jambo moja tu. Aviondoe dukani mpaka Jumapili ipite, na Mama asisikie kutoka kwake. Kakubali. Kanipiga begani, eti kitindamimba unapenda kukuza mambo. Nimemwamini. Ningefanyaje, ni kaka yangu.

Jumapili, 19 Mei

Niko chumbani kwa Mama, nimejifungia, naandika nyuma ya risiti, nitaibandika humu baadaye. Nimekuja mapema nikakuta gari la Kaka limeshafika. Nimepitia mlango wa jikoni, kisanduku changu ndani ya kanga, nikisema nijipange kwanza.

Halafu nikaisikia. Kupitia ukutani. "Nani kachukua miwani yangu? Irudishwe ilipokuwa!"

Aliniahidi! Alinitazama machoni akaniahidi!

Kaka anaongea peke yake, eti kamtengenezea kwa mikono yake, kakesha. Kwa mikono yake! Mikono ambayo haijawahi kushika hata bisibisi.

Kafunua tena. Kafunga. Kafunua. Nasikia Mama anapumua kwa pua, vile anavyofanya akizuia kilio. Amemsikia. Na mimi sikuwapo.

Sasa anasema kitu. Sauti ndogo. Nimeweka sikio ukutani.

"Mbona doa liko huku?"

Kaka anacheka, anasema ndiko lilikokuwa. Mama anasema hapana. Anasema alilala upande wa doa lile tangu ni bibi harusi, kushoto, atasahau vipi. Anauliza nani amechora. Kaka anasema ni yeye. Anauliza tena, taratibu, nani amechora. Nasikia Kaka akifunga kifuniko.

Viti vinasogezwa. Kandambili za Mama kwenye korido. Anagonga, si kwa nguvu.

"Mwanangu, najua uko humo, nilisikia mlango wa jikoni. Toka na ulichonacho."

Kisanduku kiko mapajani. Kanga imefunguka, paa limeinuka kidogo, mwanga umeshaingia, na Baba ameanza —