Mfuniko Usiokuwa na Tundu

Izia, Sumbawanga

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana ya kwanza najua Shija anayekusomea ameipita haraka haraka bila hata kukutazama. Mgongo unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Doto akuletee umeanza kuitumia, au bado iko juu ya kabati inangoja wageni? Na mvua je, imeshagusa huko kwetu au bado mnatazama mawingu? Huku Ufipa baridi kali imepungua, ila upepo haujaondoka, na asubuhi naiwasha pikipiki nikiwa nimevaa makoti mawili. Mimi ni mzima wa mwili. Mkwe wako Yustina ni mzima. Mjukuu wako Minza, wajina wako, ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayempenda.

Sikupigi simu, Mama, naandika, na sababu unaijua. Simu yako ikilia hapo uwanjani inawekwa sauti kubwa, na kuanzia baba mdogo mpaka mpita njia aliyekuja kuomba maji, wote wanachangia. Jambo hili sitaki lichangiwe. Shija, msomee ndani, taratibu, na usiruke mahali hata ukiona ni pagumu.

Ule ujumbe wa sauti uliotuma baada ya Doto kurudi ulifika. Ulifika nikiwa naoga, simu anayo Yustina. Akadhani unamsalimia mtoto kama kawaida yako, akaubonyeza, akamsogezea Minza sikioni amsikie bibi yake. Ukasikika unasema, "Kulwa mwanangu, hao watu watakumaliza. Mama yake huyo mwanamke ameshaikamata pikipiki, kesho atakukamata wewe. Mchukue mtoto urudi nyumbani." Nilitoka nikamkuta amesimama na simu mkononi, na mtoto anacheka kwa sababu ameitambua sauti yako. Yustina alinipa simu akaenda kuchambua maharage. Tangu hapo akawa ananipikia, ananifulia, ananijibu nilichouliza, basi. Mama, nimechoka. Nimechoshwa na pikipiki na nimechoshwa na mafundi, lakini kimya kile kimenichosha kuliko vyote.

Naomba nikueleze mambo yalivyokwenda. Doto alikusimulia alichokiona, na alikiona kweli, simwiti mwongo. Ila hakuona mwisho wake.

Unakumbuka pikipiki hii niliipata baada ya wewe kuniruhusu kuuza yule ng'ombe dume mwekundu wa marehemu baba. Niliinunua mpya kabisa, bado ina nailoni kwenye kiti. Nilitaka mpya kwa sababu kazi hii ya kupeleka dawa za mifugo vijijini haitaki chombo cha kubahatisha. Ng'ombe wa mtu akianguka Mwazye, mwenyewe hawezi kungoja mpaka mimi nimalizane na fundi. Sasa safari ya kwanza tu ya Mwazye ikanizimikia. Nilijaza tangi mjini, nikaondoka vizuri, inavuta, inapanda vilima bila kulalamika. Nilipokaribia kijiji cha wakwe zangu, ambacho unakipita kabla hujafika Mwazye, ikaanza kukohoa kama mtu aliyepaliwa, ikazima. Nikapiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi. Nikaisukuma, na nyumba ya kwanza kuikuta ilikuwa ya mama mkwe.

Sijui kama Doto alikwambia kwamba mama mkwe wangu anauza petroli ya chupa. Ana meza ndogo kando ya barabara, chupa zimepangwa juu yake, na mwenyewe amekaa kwenye kigoda na sweta lake la kijani, anapeta ulezi. Wewe ndiye uliyenilea, unajua adabu ulizonifundisha. Mkwe hawezi kusukuma chombo kilichozima mpaka mlangoni kwa mama mkwe, akamwamkia, halafu akaendelea kusukuma kwenda kununua mafuta kwa mtu mwingine. Hayo yangekuwa matusi. Nikafungua tangi, akanimiminia chupa moja, nikafunga, nikapiga kiki. Ikawaka hapo hapo. Nikamshukuru, nikaenda zangu nikidhani nimeuziwa pikipiki mlevi.

Ikawa hivyo safari iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Siku moja nikachungulia kabla hajamimina, nikaona mafuta bado yapo tele. Nikanyamaza nikanunua vivyo hivyo, ikawaka. Jioni wakati wa kurudi, hainisumbui hata kidogo. Bodaboda wa pale kijijini wakapata la kusema. "Kaka, hiyo chombo yako inamjua mkwe! Inasimama yenyewe kuamkia, ina heshima kuliko wewe!" Tukawa tunacheka, na mama mkwe naye anacheka. Baadaye utani ukachacha. Wakaanza kusema huyu mama anazifunga kichawi pikipiki za watu ili auze mafuta, na kwamba kwa mkwe wake alikuwa anajaribia tu. Wateja wake wakawa wanampita bila kusimama.

Huku mjini nilizunguka mpaka nikajichukia. Fundi mmoja akasafisha kabureta. Mwingine akabadilisha plagi. Wa tatu akaiendesha kidogo kuzunguka gereji, akarudi anatabasamu, "Broo, hii ni nzima kuliko mimi." Na pale ilikuwa nzima kweli, kwa kuwa ilikuwa haijaenda mbali. Nikairudisha dukani nilikoinunua. Yule mhudumu akainama, akatazama, akauliza, "Kabureta kafungua nani?"

"Fundi."

"Basi waranti imekufa."

Nikamwambia ilianza kuzima kabla fundi hajaigusa. Akasema, "Mzee, labda unaiendesha vibaya. Mpya inataka upole." Mimi, Mama, mzee. Nilivyokuwa nimechoka siku ile labda nilifanana naye. Yustina akaomba padri aibariki, padri akaja akainyunyizia maji ya baraka mpaka kwenye taa. Safari iliyofuata ikazima pale pale.

Doto alikuja katikati ya hayo yote. Nilimpakia nikampeleka ukweni kwa furaha, nikiwa nimesahau kabisa ugonjwa wa pikipiki, na ikazima akiwa nyuma yangu. Tukaisukuma wote wawili. Mama mkwe akatoka na chupa yake, akamimina, ikawaka. Doto akanitazama. Wewe umetuzaa mapacha, unajua sisi tukitazamana hatuhitaji maneno. Mama mkwe alikuwa ameshatupikia ugali wa ulezi na migebuka, samaki wanaoletwa toka ziwani, ambao yeye mwenyewe hali mpaka apate mgeni. Doto akasema tumbo linamsumbua. Hakugusa hata maji ya kunawa. Mama mkwe akaliondoa sinia taratibu akasema, "Pole baba, safari inachosha." Alielewa pale pale, Mama.

Kilichonifungua macho ni safari ya Laela, nilikokwenda kufuata mzigo wa dawa. Nilijaza tangi mjini kama kawaida, nikashika lami ya kwenda Tunduma. Nimeshakwenda mwendo mrefu, ikakohoa, ikazima. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia: mashamba yaliyokwisha kuvunwa, upepo, na mbuzi mmoja. Hakuna meza, hakuna chupa, hakuna mama mkwe. Nikacheka peke yangu kama mwehu. Nikafungua tangi nitazame mafuta, likatoa sauti, fyuu, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. Mafuta yamo. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka. Hata hapo sikuelewa, na sijui kichwa changu kilikuwa wapi.

Laela, pale wanaponunulia mahindi, nikaiona pikipiki pacha wa yangu, rangi ile ile, imetoka duka lile lile. Tangi lake limefunikwa kwa tambara. Nikamwuliza mwenyewe, "Vipi mshikaji, mfuniko umeibiwa?"

"Hamna, ninao mfukoni. Hauna tundu huo."

"Tundu gani?"

Akautoa akanionyesha. Kumbe mfuniko wa tangi huwa na kitundu chembamba cha kupitishia hewa, na hizi zetu huko kiwandani walisahau kukitoboa. Jamaa ana wenzake watatu walionunua mzigo ule ule, wote wanasukuma. Nikautoa wa kwangu nikauweka mdomoni, nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Haupitishi kitu.

Mama, wewe ukimimina mafuta ya kula kutoka kwenye kopo unatoboa tundu la pili, la sivyo yanagoma kutoka. Ndiyo hiyo tu. Petroli ikishuka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, mafuta yanagoma, chombo kinazima. Ukifungua mfuniko hewa inaingia, kinawaka. Kwa hiyo kilichokuwa kinaiwasha pale mezani hakikuwa chupa ya mama mkwe wala mkono wake. Ni kule kufungua tangi. Nilikuwa najazia mjini, na pumzi ya tangi ilikuwa inaishia kwake. Kurudi haikunisumbua kwa sababu nilikuwa na mazoea ya kufungua tangi nikiwa Mwazye, kutazama kama mafuta yatanifikisha, na tangi lililopungua mafuta lina hewa nyingi ndani, pumzi yake haiishi mapema. Kama kuna aliyeroga, basi alikwenda mpaka kiwandani ng'ambo akaziba mifuniko mzigo mzima. Na huyu mama hata Laela hajawahi kufika.

Nilirudi dukani na mfuniko wangu. Mhudumu akapuliza, akageuza, akapuliza tena, akasema mfuniko hauhesabiwi kwenye waranti kwa sababu si injini. Nilipoanza kupandisha sauti akanipa fulana yenye picha ya pikipiki. Nilikuwa sina nguvu ya kugombana, nikaipokea. Minza ndiye anayeilalia. Mfuniko mwingine nikanunua kwa wauza spea, na tangu hapo pikipiki haijazima.

Jioni ile ile nilimweleza Yustina. Akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mimi nilikuwa najua si mama. Wa kuambiwa si mimi." Akaendelea na kazi yake. Kesho yake nikaenda kwa mama mkwe. Meza haipo. Ameiingiza ndani, ameipandishia magunia ya maharage, na chupa amegawa kwa majirani. Nikamwamkia, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Akauchukua mfuniko, akaufuta kwenye khanga, akaupuliza akiwa amefumba macho. Akanirudishia.

"Sawa baba, mimi nimepuliza. Na mama yako je?"

Ndiyo maana ndani ya hicho kitambaa alichokupa msafiri aliyeleta barua hii kuna mfuniko. Ndio wenyewe. Upulize, Mama. Upulize kwa nguvu zako zote, halafu mpe Doto naye apulize, na huyo baba mdogo ambaye nasikia alisema alijua tangu mwanzo, naye apewe. Msichoke kuupuliza mpaka muamini.

Najua jina la Sumbawanga linavyotajwa kwa uchawi huko kwetu. Hata mimi nilipokuja nilikuja nimelibeba. Lakini nimeishi huku, nimeuguzwa huku, na siku Yustina alipojifungua ni mwanamke huyu aliyelala sakafuni kwetu mpaka kitovu cha Minza kikadondoka. Yeye ndiye aliyesema mtoto apewe jina lako. Mimi nilikuwa na jina jingine. Alisema bibi wa mbali asipopewa jina atasahaulika. Hilo Doto hakukwambia kwa kuwa halijui, na mimi nimekuwa mzembe kukwambia.

Msalimie Doto. Mwambie sina kinyongo naye, ila akija tena atakula. Msalimie shangazi anayetunza ndama, mwambie ile dawa ya kupe asiichanganye kwa kukisia. Msalimie baba mdogo, na mjomba fundi cherehani, na yule bibi mzaa baba ambaye bado ananiita Doto na Doto anamwita Kulwa. Shija, ahsante kwa kusoma. Kalamu unazotaka nitazituma.

Mama, nakuomba uje kabla mvua hazijaharibu barabara. Uje umwone wajina wako wakati bado hajasahau sauti yako. Tutakwenda pamoja ukweni, kwa pikipiki hiyo hiyo. Nilipomwambia mama mkwe kwamba nitakuomba uje, alimalizia kwanza kupeta ulezi wake. Kisha akasema utakapokuja atapika mwenyewe, ugali wa ulezi na migebuka, na kwamba nisiwe na wasiwasi, kwa kila bakuli atakuwa anaonja yeye kwanza mbele yako, na maji pia, ili ule kwa amani.

Mtu mzima kama wewe, Mama. Alisema bila hasira, akiwa anatazama pale meza yake ilipokuwa. Nilishindwa kumtazama usoni. Nilimjibu kwamba mama yangu hahitaji kuonjewa chakula, atanawa na atakula.

Usinifanye mwongo.

Mwanao,
Kulwa