Mwanangu Azalie Wapi

Msambweni, Alhamisi, mwezi wa Shaabani, 1957

Joto limetukalia tangu alfajiri, upepo hakuna, na mguu wangu umeamka kabla yangu. Siku za joto kama hizi huwa mzito zaidi. Huvimba mpaka ngozi ikang'aa, na kidole nikikibonyeza hapo, shimo lake hukaa muda kabla ya kujaa.

Lakini niliamka na furaha. Naliandika neno hilo mapema, kwa sababu sasa hivi sina tena, na sitaki kuja kufikiri kwamba leo yote ilikuwa msiba.

Mguu wenyewe ni wa kulia. Ni matende. Nyumbani tunauita Bwana Mkubwa, maana huoshwa kwanza kabla ya mtu yeyote, hufutwa katikati ya vidole kwa kitambaa safi, hukalishwa juu ya mto wa sufi, na ukikasirika nyumba nzima hunyamaza. Ukikasirika ndipo ile homa ya mtoki inaponishika, tezi za kinenani zikavimba, nikatetemeka chini ya mablanketi na jua linawaka nje. Zahanati walinipa vidonge. Mganga wa pale, kijana mpole, aliniambia kwamba ugonjwa huu unaletwa na mbu, na kwamba vidonge vitapunguza homa lakini mguu hautarudi kuwa kama ulivyokuwa. Nilimshukuru kwa kunieleza kweli. Kisha nilirudi nyumbani nikalia.

Viatu sivai. Mume wangu Bakari ni seremala, akanichongea mitalawanda ya mbao ya kukanyagia, wa kushoto mwembamba wa kike, wa kulia mpana kama kibao cha kukatia nyama. Nikitembea uani majirani hunijua kwa sauti. Nikitoka, buibui hufunika kila kitu, lakini siku hizi sitoki. Arusi sihudhurii. Pwani, nilikokuwa nikienda na wenzangu maji yakitoka, tukashika kaniki ncha mbili tukakokota uduvi huku tukicheka mpaka tukaloa, sijafika tangu Mejumaa hajavunja ungo.

Mejumaa ni mwanangu wa pekee. Ameolewa Galu, na ana mimba yake ya kwanza.

Kwetu sisi, mimba ya kwanza mke hurudishwa kwa mamake. Tumbo likishakuwa kubwa, mama mkwe humleta mwenyewe, na zawadi mkononi, naye hukaa kwao mpaka azae na arobaini ipite. Mama ndiye anayemkanda kwa maji moto, ndiye anayemfunga mkaja tumboni ili lisilegee, ndiye anayempikia uji wa pilipili manga na kumlazimisha kuunywa. Leo ndiyo iliyokuwa siku ya kuletwa.

Nilikuwa tayari tangu mwezi uliopita. Bakari amekiwamba upya kitanda cha chumba cha ndani. Nimepika mafuta ya nazi mwenyewe, nikikuna nazi nimekaa mguu umenyooshwa. Kuni zimejaa nyuma ya jiko. Mkaja nimeufua na kuufukiza udi, ni ule ule alionifunga mama yangu, Mungu amrehemu, nilipomzaa Mejumaa katika chumba hicho hicho.

Hodi ilipigwa jua likiwa halijawa kali. Aliingia mkwe wangu, Bi Nimwaka, mama wa mume wa Mejumaa, na kapu la mchele na jogoo amefungwa miguu. Tukaamkiana kwa sabalkheri ndefu, habari za huko, habari za watoto, alhamdulillahi. Wakati wote huo mimi nilikuwa nikitazama mlangoni nyuma yake.

Hakukuwa na mtu nyuma yake.

"Mkwe, tumekaa, tumekuonea imani," aliniambia baada ya kukaa. "Kazi ya kumkanda mzazi waijua, ni kuinama na kuinuka, kuteka maji na kukesha. Na wewe una mguu huo. Mejumaa tutamwangalia sisi. Wewe pumzika tu, mtoto akitimiza arobaini utaletewa umwone."

Alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa ya huruma kweli. Lakini pia niliona kwamba chai niliyompa alionja kidogo tu, na kwamba aliukunja mguu wake chini ya leso aliposogea karibu na mkeka wangu. Labda ni hofu, labda ni joto. Sitaki kumdhulumu.

Kwetu mkwe habishiwi. Nimelelewa hivyo, naye amelelewa hivyo. Mbele ya mkwe huinui sauti, husemi hapana, hata chakula unakula kwa haya. Kwa hiyo mdomo wangu ukafanya ulichozoea. "Ahsante, mkwe," nikasema. "Mungu awalipe."

Nimeshukuru kunyang'anywa mwanangu.

Nikamsindikiza mpaka mlangoni, ko, ko, mitalawanda yangu. Aliponiaga alionekana mtu aliyetua mzigo. Nadhani njia nzima alikuwa akiogopa kwamba nitalia.

Kisha nikaingia chumba cha ndani nikakaa juu ya kile kitanda. Sijui nilikaa kwa muda gani. Nilimtamani mwanangu kwa namna ambayo siwezi kuieleza, si kumwona tu. Nilitamani kulishika tumbo lake. Nilitamani kumsikia akinung'unika kwamba uji ni mkali, kama nilivyonung'unika mimi. Nilimkumbuka mama yangu pia, mikono yake ilivyokuwa ikinibana kiunoni na kitambaa cha moto mpaka nikapiga kelele, naye akinicheka, "Piga tu kelele, mwanangu, mifupa yarudi mahali pake." Tangu afe hakuna mtu aliyenishika namna ile. Nilidhani zamu yangu ya kushika imefika.

Mwanamisi alinikuta hapo. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mtu wa maneno mengi na mgongo mbovu. Kila akiinuka huita majina ya mitume. Nilimsimulia. Nilitazamia anipe pole. Badala yake alinikodolea macho.

"Kwani mkwe amekuja kukuuliza au kukwambia?"

"Kuniambia."

"Na Mejumaa mwenyewe asemaje?"

Nilikuwa sikuuliza. Nilimtazama mkwe, nikautazama mguu, jina la mwanangu likapita katikati yetu kama la mtu asiyekuwa na mdomo. Na huko Galu sasa hivi Bi Nimwaka anafika, anamwambia, "Mama yako amekubali, tena ameshukuru." Nini atakachofikiri mtoto yule? Atafikiri simtaki. Atafikiri mama yake amechoka.

Wazo hilo liliniuma kuliko mtoki.

"Hebu lala hapo," nilimwambia Mwanamisi.

"Nilale wapi? Mimi nimezaa?"

"Lala, nijaribu."

Nilichemsha maji. Nilivuta kiti kando ya kitanda, Bwana Mkubwa nikamweka juu ya kigoda, nikachovya kitambaa, nikakamua, nikaanza. Nilikuwa nafikiri nitashindwa, na labda nilitaka kushindwa, ili niwe na sababu ya kuacha kusononeka. Kiuno nikakifikia bila shida. Mabega nikayafikia. Miguuni sikufika, ikabidi nisogeze kiti, kisha nisogeze kigoda, kisha niunyanyue mguu kwa mikono miwili niuweke tena, na hapo jasho linanitoka kila mahali. Ilikuwa polepole. Mama yangu angemaliza wazazi wawili kwa muda ule. Lakini nilimaliza.

Nilidhani Mwanamisi amelala.

"Mikono yako haina matende, wewe," akasema mwishowe, uso umezama kwenye mto.

Maji ya kuteka atateka yeye, na mgongo wake huo huo mbovu, ameapa. Kuinama jikoni, Bakari atanijengea meko ya juu, ya kusimama, mbao anazo. Kwa nini mambo haya sikumwambia mkwe? Kwa sababu sikuwa nimeyafikiri. Aliposema mguu, na mimi nikauona mguu tu. Nimeuona kwa miaka mingi hivi kwamba siku nyingine nasahau kuwa kuna mtu juu yake.

Sasa jua limeshuka, nami naandika nikiwa na hofu moja ambayo Mwanamisi sikumwambia, wala Bakari.

Je, kama ni Mejumaa mwenyewe ndiye asiyetaka?

Inawezekana. Ni kijana. Ameoga na kulala katika nyumba hii miaka yake yote na harufu ya mguu wangu siku za mvua ngozi ikipasuka. Siku ya arusi yake nilikaa ndani nyuma ya pazia, nikisema nimechoka, ili wakwe wasinione nikitembea. Alikuja kunibusu mkono akaenda. Hakusema, "Mama, toka nje nawe." Nimelifikiria hilo mara nyingi. Labda alinihurumia, labda alipumua kwa nafuu. Labda sasa anataka kujifungua kwa wakwe kwa raha zake, mahali ambapo hakuna mtu wa kunyanyua mguu kwa mikono miwili. Afadhali niyaandike haya kuliko nilale nayo.

Bakari aliporudi kutoka karakana nilimwambia nataka kwenda Galu kesho asubuhi. Aliweka randa chini. Hakuniambia mguu, namshukuru. Aliniambia tu, "Na mkwe?"

"Mkwe nimeshamheshimu leo, imetosha," nikamjibu.

Akacheka, kisha akaenda kuazima mkokoteni wa nazi, maana kutoka hapa mpaka barabarani siwezi kutembea, na basi la kutoka Lunga Lunga halitungoji. Nitakaa juu ya mkokoteni kama gunia, Bakari akisukuma, na wote ambao hawajaniona tangu zamani watatoka milangoni wanione. Wacha waone. Ngazi ya basi ni ya juu. Nitapanda kwa makalio ikibidi, na utingo na anione pia. Nimefikiri kila hatua ya safari na kila hatua ina aibu yake, na bado nataka kwenda. Sijataka kitu namna hii tangu nilipokuwa msichana.

Kinachonitisha ni pale mwisho wake. Nitaingia kwa mkwe bila kualikwa, nitakaa, na sitazunguka maneno. Nitaomba niachwe na Mejumaa. Nitamwambia kwamba niliposhukuru nilikuwa naogopa mkwe, na kwamba kitanda kimewambwa na mafuta yamepikwa. Nitamwambia pia kwamba nitamkanda polepole, na siku za homa Mwanamisi atanishikia zamu, maana sitaki kumvuta kwa uongo. Kisha nitamuuliza anataka kuzaa wapi.

Nitakuwa nimemshika mkono. Tangu mdogo, akisema uongo vidole vyake hujikunja, na hili hajui kwamba nalijua. Akitaka kubaki kweli, nitambusu, nitamwombea, nitapanda tena basi kwa makalio nirudi kwetu. Lakini vidole vikijikunja, basi mkwe na alie, na Galu nzima itoke kunitazama, kesho jioni mwanangu atalala katika chumba hiki.