Picha ya Baba Mwenye Koti Jeusi

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko uliko? Wifi hajambo? Na yule mtoto wenu mdogo, kikohozi kimemwachia? Tangu uliponiandikia kwamba kimemshuka kifuani sijatulia, najikuta nauliza habari zake peke yangu kama mwehu.

Sisi tunashukuru, ila uchovu tu. Kazi ya kufua pale hospitali imenimaliza miguu. Mashuka hayaishi, na nikifika nyumbani naona kama zamu nyingine ndiyo kwanza inaanza.

Mama mzima wa mwili. Anakula, anagomba, anajua nani kapita nje kwa kusikia viatu vyake. Macho ndiyo yanayomkimbia. Picha ya kushika mkononi haioni tena, anaigeuzageuza na kuuliza, "Huyu nani?" Lakini kitu kikubwa chenye mwanga bado anakiona. Ndiyo maana niliishusha projekta ya Baba kutoka juu ya kabati, tukawa tunafunga pazia baada ya chakula cha mchana na kumwonyesha slaidi zake, vile vipande vidogo vya filamu, kwenye ukuta wa sebule.

Unajua Baba alivyokuwa. Aliwapiga picha watu wote, yeye mwenyewe asipigwe na mtu. Slaidi yake ni ile moja tu, amesimama mlangoni pa chumba chake cha kusafishia picha, ndani ya lile koti jeusi. Picha nzima ni giza, uso na vidole tu ndivyo vinavyoonekana. Mama alipomwona ukutani, mkubwa kama alivyokuwa hai, hakutaka tena kuonyeshwa nyingine.

Sasa shemeji yako akaingia kazini. Unamjua, fundi bomba anayejua kila kitu isipokuwa bomba la jikoni kwake. Nilipokuwa zamu yeye ndiye aliyekaa kwenye projekta, na alikuwa amejipigia hesabu yake. Picha nyeupe, zile za maharusi, zinamulika ukuta mzima, kwa hiyo ndizo zenye moto, zipitishwe harakaharaka. Picha ya koti jeusi haitoi mwanga, kwa hiyo imepoa, iache hapo hata kutwa. Akaiacha, akatoka kuongea na jirani. Aliporudi Baba amekuwa ukungu ukutani, na slaidi yenyewe imevimba katikati, pindo la koti limeanza kuwa kahawia.

Kumbe ni kinyume kabisa. Fundi redio wa mtaa wa nyuma aliifungua mashine akanieleza, "Dada, penye weupe joto linapita pamoja na mwanga, linakwenda zake. Penye weusi linanaswa humohumo." Nikamwelewa mara moja. Hata kwenye kamba za hospitali, aproni nyeusi za wapishi hukauka wakati mashuka bado yanadondosha maji. Tena feni ya ile projekta inasuasua, na kioo cha kukinga joto la taa kilishapasuka, kipuri hakipatikani. Maharusi wa watu tungeweza kuwatazama mpaka tuchoke. Baba yetu tulipaswa kumtoa kabla Mama hajamaliza kumsalimia.

Nilipokuandikia kwa kifupi tu kwamba slaidi ya Baba imeanza kuungua, ukanijibu nisiiweke tena kabisa, niitunze, kwa sababu wanao hawamjui babu yao. Ulisema haki. Niliipeleka studio watoe nakala, nakala ikatoka nyeusi tii kama kitako cha sufuria, koti limeumeza uso. Basi nikaifungia kabatini, nikamwambia Mama kwamba wewe umekataza.

Hakugomba. Angegomba ningepumzika. Akawa kila mchana anakaa kwenye kiti chake kuuelekea ukuta mtupu, mikono mapajani, na mimi napita na ndoo mbele yake kama mwizi. Nilikukasirikia, mdogo wangu, acha nikwambie ukweli. Mwenye kukataza yuko mbali, na anayetazamwa ni mimi.

Alhamisi hii iliyopita akaniita. Jicho la kushoto lilikuwa limezima, hata dirisha halioni. Akasema, "Niwekee baba yenu." Nikamwambia ikikaa sana itaungua. Akasema, "Najua. Iache ikae." Nikamwuliza mara ya pili, nikamkumbusha neno lako na haki ya wajukuu wake. Akacheka kidogo, ule mcheko wake wa puani. "Mwambie mdogo wako ajitazame kwenye kioo. Sura ya baba yake anayo, ametembea nayo huko ugenini. Mimi sina pengine pa kumwona."

Nikaiweka. Sikuitoa.

Ilipoanza kuvimba picha ikapoteza sura, nikawa naizungusha lenzi kuifuata, nairudisha, inanitoka, nairudisha tena. Koti ndilo lililotangulia. Likawa kahawia, likafanya mapovu, shimo likaanza kula kuanzia kifuani kwenda mabegani. Harufu ikajaa sebule nzima. Lakini uso, kwa kuwa ulikuwa na mwanga, moto ulichelewa kuufikia. Mama alinyanyuka akaenda mpaka ukutani, akaweka kiganja kwenye shavu la Baba, na shavu lote likawa juu ya mkono wake. Akamwambia mambo ya nyumbani, kwa sauti ya chini, kama watu waliokaa pamoja siku nyingi. Mengine sikuyasikia, na sikupaswa kuyasikia. Uso ndio uliokuwa wa mwisho kwenda.

Ukuta ulipobaki mweupe akasema, "Haya, zima. Ukalale, mwanangu, umechoka." Nililia kuliko siku ya mazishi.

Kwa hiyo slaidi ya Baba haipo tena. Kasirika utakavyo, una haki, na mimi nitapokea. Ila usikasirike kwa barua. Daktari hataki kutaja lini jicho la kulia litafuata, anasema tu tusimpangie Mama mambo ya mwakani. Taa ya projekta bado nzima. Nitakusimamisha pale ukutani bila slaidi yoyote, mwanga wote ukupige usoni, na Mama atakuona.

Shemeji yako anakusalimu, ila haya zimemshika. Nisalimie sana wifi yangu, na wanangu wote wawili. Yule mdogo mpake mafuta ya moto kifuani kabla ya kulala. Mungu awalinde, na akufungulie njia mapema.

Na tafadhali, usitume picha kwa posta. Huo uso ulete mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Dada Mkubwa.