Mafuta ya Injini ya Baba

Jumanne

Bado sijamwambia Baba kuhusu kazi ya Kisumu.

Nilikusudia kumwambia leo alasiri, lakini nikamkuta barazani na injini yake kuukuu, ile ndogo ya ndege ya kuchezea, na makopo mawili ya mafuta. Macho yake hayasomi tena maandishi.

"Nichagulie, Mwanaisha."

Mafuta ya dukani Nyali yana nitro nyingi, kemikali ya kuongeza nguvu. Injini ingewaka upesi, ila chuma chake kingeshika kutu. Nikachukua yale tuliyochanganya wenyewe, spiriti na mafuta ya mbarika. Nikaijaza, nikaiwasha. Ikakohoa, ikanguruma, moshi ukatanda baraza nzima. Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu Mama afariki.

"Mashallah! Sasa hata nikipofuka sina wasiwasi. Wewe upo."

"Inshallah, Baba."

Kazi inaanza Jumatatu, na begi nimeshalipanga. Nikienda, namwacha gizani. Nikibaki, najua sitatoka Kisauni tena, na huenda nikaja kumchukia, jambo ambalo…

Sasa hivi amepapasa ukuta hadi mlangoni kwangu. "Mwanangu, kesho tuiwashe tena?"

Nimesema ndiyo.