Gunia la Habiba

Baba yangu mpendwa,

Mama hajui kwamba nakuandikia. Anadhani nafanya Hisabati, na kila akipita mlangoni ananiambia, "Soma, mwanangu, soma," kwa sauti ileile uliyokuwa ukiitumia wewe. Nasoma, ndiyo. Lakini kuna jambo nimelifanya. Nimeona nikuambie wewe kwanza, maana wewe ndiye niliyekukosea. Wengine watakaoisoma barua hii na waisome tu, sina la kuwaficha tena.

Redio yako iko bado juu ya kabati. Ule waya uliofunga badala ya antena hakuna aliyeugusa. Wewe ulikuwa mtu wa kubishana na kila kitu: mvua, nyani, refa, hata mchungaji akizidisha mahubiri. Redio peke yake ndiyo hukubishana nayo. Mkubwa yeyote wa serikali akianza kuzungumza, ulituinulia kidole tunyamaze, hata kama Mama alikuwa anatuita kula. "Haya yametoka juu," ulikuwa ukisema. Mama akakujibu siku moja, "Kutoka juu huko sisi tunaletewa mafuriko tu." Ulimnunia hadi kesho yake.

Nakumbuka siku walipotangaza habari za sekondari pevu, ile ya kuanzia gredi ya kumi. Ulikuwa na tonge la ugali mkononi, na likabaki hewani. Yule mkubwa alisema mtihani wa siku moja hautaamua tena maisha ya mtoto. Kazi zake za darasani zitahesabiwa, miradi yake itahesabiwa, na kila mmoja atapimwa kulingana na mazingira yake. Uliinuka kitini kabisa. "Umesikia, bwana shamba?" uliniuliza. Ndivyo ulivyoniita tangu nikiwa mdogo, kwa kuwa nilikufuata bondeni kila asubuhi nikikuuliza kwa nini hiki, kwa nini kile.

Nilijua furaha ile ilitoka wapi. Ulinisimulia mara moja tu, tukipalilia, na hukunitazama usoni. Asubuhi ya mtihani wako wa mwisho wa shule ya msingi mto ulikuwa umejaa, na mwenye mtumbwi akakataa kuvusha watoto. Ulikaa ukingoni na penseli mfukoni mwa shati. Ulipovushwa na kufika, karatasi zilikuwa zinakusanywa. Msimamizi akakuambia, "Pole, kijana, mtihani ulikuwa leo tu." Hukurudi darasani tena. Miaka yote ile, ukichoka kwa jembe, nilikusikia ukisema peke yako, "Leo tu," kisha unacheka kidogo na kuendelea kulima. Mimi, kabla hujanisimulia, nilidhani ni msemo wa wakulima.

Kwa hiyo redio iliposema siku moja haitaamua tena, uliamini, nami nikaamini pamoja nawe.

Ulitutoka wiki chache kabla sijaingia gredi ya kumi. Nilikwenda shule na viatu ulivyoninunulia, vikubwa kwa saizi moja, kwa kuwa ulisema mguu wa bwana shamba bado unakua. Nikachagua mkondo wa sayansi, na Kilimo ndani yake, kama tulivyokubaliana. Redioni walikuwa wameshasema maabara ziko tayari nchi nzima. Yetu ilikuwa stoo ya majembe. Waliipaka rangi, wakaandika MAABARA kwa herufi kubwa juu ya mlango, na ndani wakaweka meza mbili na kalenda. Majembe yakahamia ofisini kwa mwalimu mkuu. Ungekuwepo ungesema, "Subirini, vitu vitakuja, haya yametoka juu." Nilijiambia hivyo kwa sauti yako.

Kisha ukaja mradi wa Kilimo. Mwalimu wetu, ambaye sitamtaja, ni kijana mwema, alilelewa kule Bura kwenye mifereji ya kumwagilia mashamba. Alitueleza kwamba kila mmoja atapanda zao lake, naye atalipiga picha mara tatu: likichipua, likipaliliwa, likivunwa. Picha atazipakia kwenye mfumo wa alama ulioko mtandaoni, na alama zake zitatungoja mpaka mwisho wa masomo. Kila hatua ina siku yake ya kufungwa. "Ukikosa hatua moja," akasema, "mfumo unakuandika hukufanya chochote."

Siku ileile wenzangu wakatafuta magunia. Unajaza gunia udongo, unapanda, unamwagia maji ya ndoo, unaliegemeza nyuma ya darasa. Hata Habiba, rafiki yangu, alipanda mpunga. Baba yake ni mfugaji, ng'ombe anawajua kwa majina, lakini mpunga yeye aliuona kwenye sahani tu. "Wee, acha kujisumbua," aliniambia. "Panda kwa gunia, picha ipigwe, mambo yaishe."

Mimi nikakataa. Najua kiburi hicho nilikitoa kwa nani. Mtoto wako mimi, wa kijiji cha Hewani, nipande mpunga kwenye gunia la mbolea? Niseme nini bondeni? Ulinifunza kwamba mpunga haupandwi kwa kalenda. Unangoja maji yapande, unangoja yashuke, halafu unakwenda kukanyaga. Ulikuwa unavua ndara na kubonyeza kisigino topeni, kisha unanyanyua mguu na kungoja. Alama ya kisigino ikijaa maji, unarudi nyumbani. Ikibaki na unyevu bila maji, unamwita Mama alete mbegu. Niliona watu wakikucheka kwa kuchelewa, na nikaona wao ndio waliopanda mara mbili.

Mwaka huu maji yalichelewa kuja, na yalipokuja yakakaa. Kila Jumamosi nilikwenda kwenye kipande chetu, nikavua viatu vyako vikubwa, nikakanyaga. Kisigino kikajaa maji. Jumamosi nyingine, maji. Mwalimu akaanza kuniita. "Bado hujapanda?" Nikamwambia bado, bonde halijawa tayari. "Tafuta gunia, tafadhali. Hatua ya kwanza inafungwa Ijumaa."

Ndipo nikamjibu kwa maneno ya redio yako. "Mwalimu, walisema tutapimwa kulingana na mazingira yetu."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akasema, "Waliosema hawajazi hii fomu."

Ijumaa ikafika, mfumo ukafungwa. Jumatatu yake jioni, baada ya shule, nikakanyaga na kisigino kikakaa bila maji. Siku tatu tu, Baba! Mama akaleta mbegu, yale masuke uliyoyatundika mwenyewe juu ya meko yapate moshi, tukapanda mpaka giza likatukuta. Mama aliimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu tukuzike.

Na mpunga ulikubali. Sikutanii, ulikubali kuliko mwaka ule wa mwisho wako. Mwalimu alikuja Jumamosi moja kwa pikipiki, akauzunguka mara mbili, akapiga picha za kupalilia. Lakini mfumo ukazikataa, kwa kuwa hatua ya kwanza ilikuwa tupu. Akaenda nazo Garsen kwenye mtandao mzuri, ukazikataa huko pia. Akapiga simu ofisi ya elimu ya Garsen, wakamwambia jambo hilo ni la Hola. Hola wakamwambia ni la Nairobi. Nairobi simu ikamwimbia muziki hadi salio likaisha. Alikuja kunieleza kwenye varanda, kofia ya pikipiki mkononi, na nikaona aibu kwa niaba yake. Mtu mzima anaomba radhi kwa kosa lisilo lake, nami sina la kumsaidia, wala yeye hana la kunisaidia.

Halafu akaja mkubwa mmoja kuikagua shule. Tulifagia tangu alfajiri. Tuliambiwa wanafunzi wawili watajibu, na majibu yao wakapewa. Mkubwa akasimama mbele yetu, akasema mageuzi yamefaulu, shule ziko tayari, walimu wako tayari, mfumo unamfuata kila mtoto alipo. Sijui nini kilininyanyua mkono. Mwalimu mkuu alinikata jicho, lakini mkono ulikuwa umeshapanda.

Nikamwuliza, "Mheshimiwa, sisi tunaolima mtoni, maji yakichelewa kushuka, mfumo unatungoja?"

Akatabasamu. "Swali zuri sana hilo. Hebu mpigieni makofi." Wakanipigia makofi, ya kilo, yale ya shule yanayopigwa kwa hesabu. Kisha akasema, "Hakuna mwanafunzi hata mmoja atakayeachwa nje," akaendelea na mambo ya sare. Mimi bado nilikuwa nimesimama. Nilingoja jibu, nikidhani makofi yalikuwa utangulizi. Habiba ndiye aliyenivuta sketi nikae.

Baba, nilikuwa nimeshaona watu wakinyimwa jibu. Sikuwahi kuona mtu akinyimwa jibu na kushangiliwa kwa pamoja. Usiku ule nilikuonea hasira. Samahani, lakini nilikuonea. Kwa nini ulinifunza kuamini redio na kuamini kisigino, vyote viwili?

Wiki iliyofuata Mwalimu akaniita pembeni. Mfumo ulikuwa umefunguliwa siku mbili kwa waliokosa hatua, lakini unataka picha ya mpunga ukichipua, na wangu ulikuwa umeshafika kiunoni. Aliongea akitazama chini. "Gunia la Habiba nilipiga picha nyingi," akasema. "Nyingine hazikutumika." Nikaelewa: moja ingeweza kuandikwa yangu. Nikamwuliza tukikosa je. Akasema bila mradi huu somo la Kilimo nitalishika kwa kidole kimoja, na mwisho wa masomo alama hiyo itanivuta chini, na yeye hana njia nyingine, ameshajaribu zote anazozijua.

Habiba nilipomweleza hakusita. "Chukua. Kwani gunia linaisha?"

Nilikwenda bondeni kukuuliza. Nilikaa kwenye lile gogo lako la kufukuzia ndege mpaka jua likazama. Nilijaribu kuikumbuka sauti yako ikisema la kusema, na kilichokuja ni "Leo tu." Asubuhi nikamwambia Mwalimu, sawa.

Kwa hiyo huko kwenye mfumo mpunga wangu uliota guniani nyuma ya darasa, kisha ukatembea wenyewe kilomita tatu, ukajipanda bondeni, na ukavunwa huko na Mama. Hakuna aliyeuliza. Ule mpunga wa kweli ulikataliwa miezi miwili, na huu wa maajabu ukapokelewa kabla chai yangu haijapoa. Matokeo yameandikwa: Kuzidisha Matarajio, daraja la juu kabisa. Mwalimu alinionyesha kwenye simu. Hakunipa mkono wa hongera, nami sikuutarajia.

Juzi tulikuwa tunakula, wali wa mchele wetu mpya na samaki, redio imewashwa. Mama huiwasha sasa, yeye aliyekuwa akiicheka. Mkubwa akaja hewani, yule yule au mwingine, sauti zao siku hizi nazichanganya. Akasema kazi za wanafunzi zote zimepokelewa, hata sehemu za mafuriko, hata kule Tana Delta, na hakuna hata mmoja aliyeachwa nje. Nikalishika tonge hewani kama wewe siku ile. Alikuwa akinisema mimi. Mimi na gunia la Habiba tumemsaidia kusema hivyo.

Mama akatazama kiti chako. "Baba yako angefurahi kusikia haya," akasema.

Nilikula wali wako mpaka nikamaliza, kwa kuwa sikujua nifanye nini kingine na mdomo wangu.

Nisamehe. Wewe ulirudi nyumbani bila mtihani, na penseli yako safi mfukoni. Mimi nimerudi na alama ya juu, na siwezi kumwonyesha mama yangu kwa furaha. Wenzangu wanasema nilie kwa lipi, nimepita. Huenda wana haki. Nimechoka kukasirika, na aliyenikasirisha hata hanijui jina.

Pumzika, Baba. Kaburi tumelipalilia, na nyani bado ni walewale. Masuke ya mbegu nimeyachagua mwenyewe, makubwa, nimeyatundika juu ya meko palepale ulipokuwa ukiyatundika. Mwakani maji yakishuka nitavua viatu nikanyage kama ulivyonifunza, hilo sitaliacha.

Ila gunia pia nimeshalitafuta, Baba. Nimelifua, nimelikunja, liko nyuma ya mlango.

Mimi mwanao,
bwana shamba wako