Nilisema Dakika Tatu

Mpendwa Mama Orpha, wewe unayejibu barua za watu, naomba unisikilize mpaka mwisho hata kama utanichukia, mimi ni rubani hapa Kisangani, napeleka ndege ndogo kwenye viwanja vya udongo upande wa Bafwasende, kule hakuna mnara wala mutu wa kutuongoza, sisi marubani tunaambiana wenyewe kwa radio, kila mumoja anasema iko wapi na imebaki dakika ngapi kufika, mwenye iko karibu anatua wa kwanza, donc tunaishi kwa kuaminiana.

Mwezi wa tisa mvua ilikuja nyeusi, mwenzangu Ruffin akasema imemubakia dakika tano, mimi ilinibakia saba, nikaogopa mvua itafunga uwanja kabla sijafika, nikasema tatu. Akajibu, "Bon, tangulia, kaka, mimi nitazunguka." Nilitua, upepo ukapiga, nikamuita, nikamuita kwa radio. Siku ya tatu tulimupata ndani ya miti, yeye na abiria wawili.

Kwenye matanga muke wake Cathy aliniuliza, "Shemeji, wewe ulimusikia mwisho, alisema nini?" Nikasema hakusema kitu. Sasa wachunguzi wanataka kuandika kwamba Ruffin alikosea mwenyewe, na Cathy ananitumia samaki kunishukuru sababu nilimutafuta, nakula nikilia, mama, siku zingine niko juu nawaza niiache ndege ianguke, nifanye nini?

Idrissa, Makiso

Mama Orpha anajibu: Idrissa, nimelia, lakini machozi yangu hayatakusaidia. Uliongopa. Usinitajie mvua, mvua haikushika radio. Najua haukutaka afe. Lakini alikufa, na sasa unamuachia kosa lako abebe ndani ya kaburi.

Leo hii mwambie chef wako wa kazi haurushi ndege tena. Mutu mwenye mawazo kama yako habebi watoto wa watu. Mwite ndugu yako mumoja unayemuamini, umwambie yote, hata ile ya kuanguka, na akupeleke kwa daktari. Usikae peke yako.

Kesho andika kwa mukono wako: ilikubakia saba, ukasema tatu. Tafuta avocat, mwanasheria wa kukusimamia, peleka kwa wachunguzi. Kutoka pale nenda kwa Cathy kabla habari haijamufikia sokoni, wazee wake wawepo. Mupe maneno ya mume wake yote, usipunguze. Na sikia, usimuombe musamaha siku ile. Usimupe kazi ya kukufariji. Akikufukuza, toka.

Labda utafungwa. Sikudanganyi kwamba itakuwa vizuri. Yule ndugu yako akungoje kwenye mlango wa Cathy, akupeleke kwake, usilale peke yako.