Pipa la Kugeukia

Karurumo, Embu
Jumanne, 15 Oktoba 2013

Ndugu yangu katika Bwana, Mwalimu Mwirigi,

Amani ya Mungu ikae juu ya paa la nyumba yako na juu ya wote walalao chini yake. Natumaini barua hii itakukuta mwenye afya, na kwamba lile goti la kushoto lililokusumbua mwezi uliopita limetulia. Mimi na mke wangu Rwamba tu wazima kwa rehema za Bwana, ila kikohozi kidogo ambacho yeye hukilaumu baridi nami hukilaumu vumbi. Mvua imechelewa, nasi tumechelewa kupanda maharagwe. Tangu juzi mawingu yanakusanyika upande wa mlima, na watu wameanza kusafisha mifereji kwa imani. Shemeji yangu wa Kiritiri ameniarifu kwamba kwao hata mbuzi wamechoka kutazama juu.

Barua yako niliipokea, nami nimeisoma mara nne. Unaniomba nije Nkubu Jumapili ya tarehe ishirini na saba, siku ya shukrani, nisimame mimbarani mwenu na kushuhudia kwamba niliona kwa macho yangu jinsi Mungu alivyokufikisha mwisho wa marathoni kabla ya saa nne kutimia, na jinsi nadhiri yako ilivyozaa amani kati yako na ndugu yako Mukiri. Umepiga simu mara kadhaa ili nikupe jibu, na kila mara Rwamba amekuambia kwamba niko shambani. Nilikuwa shambani kweli mara moja tu. Jibu langu si la kusemwa kwa simu, na hata katika karatasi sijui kama nitaweza kulinyoosha.

Niruhusu nikukumbushe mambo unayoyajua, si kwa sababu umeyasahau, bali nataka kuyapanga mbele ya macho yangu mwenyewe.

Tulianza kukimbia tukiwa watu wazima wenye mvi. Wewe uliamriwa na daktari kwa sababu ya sukari, nami nilikufuata kwa wivu, maana nilipokutembelea niliona umekuwa mwembamba kama siku zile za chuo cha Biblia. Wenzetu wa rika letu walitucheka. Mzee mmoja wa kanisa langu aliniuliza kama nimesikia habari za mwisho wa dunia peke yangu. Lakini tuliendelea, wewe kwenye vilima vyenu vya chai, mimi kwenye barabara ya vumbi, tukiandikiana muda wetu kama vijana waandikiavyo wachumba wao. Marathoni yako ya kwanza ulichukua saa nne na dakika ishirini na moja. Mwaka hata mwaka ulipunguza, hata ukafika saa nne, dakika moja na sekunde hamsini, na hapo ukakwama.

Siku ile ulipokwama uliketi ukingoni mwa barabara, viatu mkononi, ukaniambia jambo ambalo hukuwa umemwambia hata mkeo Igoki. Uliniambia kwamba umeweka nadhiri. Kwa miaka kumi na mmoja hukuwa umempa Mukiri mkono, tangu ulipomshtaki kwa kuhamisha alama ya mpaka na kuingia hatua nne ndani ya chai uliyoachiwa na baba yenu. Ulisema umejaribu kumsamehe kwa maombi na kwa kufunga, na moyo umekataa. Basi ulimwambia Mungu kwamba akiushusha muda wako chini ya saa nne, utajua kuwa hata lile lisilowezekana kwako linawezekana, nawe utamwendea Mukiri kwanza, bila kumngoja yeye aje. Nilikuonya kwamba nadhiri si kitu cha kuchezea. Ulinijibu kwamba mtu aliyekimbia kilomita arubaini na mbili hana nguvu ya kucheza.

Ndipo ikaja tarehe ishirini na nne ya Agosti, mbio za hisani za parokia yetu kwa ajili ya zahanati, nami mwenyekiti wa kamati ya njia. Uliwasili mapema na wakimbiaji wenzako wa Meru. Utakumbuka yule mama muuza ndizi, aliyetuona tukinyoosha miguu kando ya kibanda chake, akauliza kama ng'ombe wetu wamepotea, kwa maana kwa akili yake mzee hakimbii bure. Ulimjibu kwamba tunamtafuta mmoja tu, naye alipotea miaka tisa iliyopita. Alicheka hata akakupa ndizi mbili.

Ulimaliza kwa saa tatu, dakika hamsini na nane na sekunde kumi na mbili. Mimi nilifika nusu saa baada yako, nikakukuta umeketi kwenye benchi la kanisa, umefunikwa leso ya kina mama. Ulinyoosha mkono ukanionyesha saa yako, kisha ukalia. Nimesimama nawe kwenye makaburi ya wazazi wako wote wawili na sikuwahi kuona chozi lako. Kasisi alitangaza, watu wakaimba, nami nikakukumbatia. Uliniuliza kwa nini mikono yangu ni baridi hivyo. Nilikuambia ni jasho.

Wiki tatu baadaye uliniandikia kwamba umekwenda. Ulimpeleka kondoo dume hadi boma la Mukiri. Yeye alidhani umekuja na wazee wa mpaka, akatoka na hati ya shamba mkononi, akakuta umesimama na kamba ya kondoo. Mlikula pamoja. Aliungama kuhusu zile hatua nne kabla hujamuuliza, na sasa amekuomba uwe msemaji wake katika mazungumzo ya mahari ya binti yake Kaari. Niliisoma barua hiyo kwa sauti, na Rwamba akaacha kuchambua mboga.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu imekuwa ikisimama kwa majuma mawili.

Njia ya mbio ilikuwa ya kwenda na kurudi. Ilipimwa na fundi aliyeletwa na kamati, na mahali pa kugeukia palikuwa mbele ya lango la mama Kagure, ambapo tuliamua kuweka pipa jekundu, meza ya maji, na vijana wa firimbi na spika. Alhamisi ile mume wa mama Kagure alifariki, na maziko yakapangwa Jumamosi asubuhi, saa zile zile za mbio. Unajua desturi zetu. Hakuna mtu wa huku awezaye kupuliza firimbi mbele ya jeneza la jirani, wala kupita mbio kwenye lango la wafiwa akiwa amevaa kaptula. Ijumaa jioni mimi na Ndambiri, mweka hazina wa kamati, tulilibingirisha pipa lile na kulirudisha nyuma hadi kwenye kona iliyo chini ya kiwanda cha kahawa, ambapo nyumba ya msiba haionekani. Hatukuuliza mtu. Kwetu halikuwa jambo la kuuliza.

Nilijua kwamba njia imefupika. Kwa hiyo nilimwagiza mwalimu Munyi, katibu wetu, asogeze kamba ya kuanzia nyuma, kutoka lango la kanisa kuelekea shule ya msingi, mara mbili ya hatua tulizopunguza. Asubuhi nilipofika niliikuta kamba ingali kwenye lango la kanisa. Nilimwita Munyi kando nikamuuliza. Alinieleza kwa utulivu kabisa kwamba kasisi aliwahi kufika, akaiombea kamba pale pale ilipokuwa na kuinyunyizia maji, na kwamba kamba iliyokwisha kuombewa haiburutwi barabarani kama kamba ya mbuzi. Nilitazama nyuma. Watu mia mbili walikuwa wamekwisha kupanga mstari, na wewe ulikuwa mbele yao, umefumba macho.

Ningeweza kusema. Palikuwa na kipaza sauti, na mkono wangu ulikuwa karibu nacho. Nilijiambia kwamba ni hatua chache. Baada ya barua yako ya kondoo nilikwenda na kamba ya mita hamsini nikapima kutoka kona ya kahawa hadi kwa mama Kagure. Ni mita mia nne na kumi. Kwenda na kurudi ni mia nane na ishirini. Kwa mwendo wako wa siku ile, ndugu yangu, ungehitaji dakika nyingine tano kasoro kidogo. Ungemaliza kwa saa nne na karibu dakika tatu. Hukushuka chini ya saa nne. Wala muda wako bora wa zamani hukuufikia.

Na bado sijaungama. Hayo niliyoyataja ni makosa ya mtu aliyewaheshimu wafiwa, na pengine Mungu atayaangalia kwa upole. Dhambi yangu ni hii. Pale mstarini nilipofunga kinywa, sikufanya hivyo kwa ajili ya kasisi, wala kwa ajili ya watu mia mbili, wala hata kwa ajili yako. Mimi nami nilikuwa nimetafuta kushuka chini ya saa nne na nusu kwa miaka saba, na sikuwahi kukuambia jinsi nilivyolitamani, kwa kuwa lilionekana jambo dogo mbele ya nadhiri yako. Nilijua kwamba njia ile fupi ingenipa. Ilinipa, kwa dakika moja na sekunde chache. Cheti changu kiko ndani ya kabati, chini ya mashuka, na Rwamba hakukiona hadi Jumapili iliyopita.

Mimi niliyekuwa nikikufariji kwa maandiko yamlaaniyo ahamishaye mpaka wa jirani yake, nilihamisha mpaka kwa mikono yangu, kisha nikautumia.

Tangu hapo sielewi kitu. Chuoni tulifundishwa kupambanua mambo, nami nilipata alama nzuri katika somo hilo. Sasa napiga magoti na maneno hayaji kwa mpangilio. Nikisema Mungu hakukujibu, nitakuwa nimemnyang'anya kazi yake, maana amani ya nyumba zenu ni ya kweli na watu wameila kwa vinywa vyao. Nikisema alikujibu, nitakuwa nimemshirikisha katika udanganyifu wangu. Nilipomweleza Rwamba yote, aliniuliza kama Mungu aliyeweza kusema kwa kinywa cha punda angeshindwa kutumia pipa. Nilimwambia kwamba punda alisema kweli. Alinijibu kwamba basi na mimi niseme, na kwamba nisijidhanie kuwa mgumu kutumiwa kuliko punda. Ndiyo maana naandika, ingawa sijui kama naandika kwa kutii au kwa kutaka tu kuutua mzigo wangu mabegani mwako.

Ninachokihofia nakijua, kwa sababu nakujua wewe. Wewe ndiwe uliyewafanya waimbaji wenu warudie wimbo mzima kwa sababu waliruka ubeti mmoja. Naogopa kwamba utaisoma barua hii, utahesabu dakika, utasema sharti la nadhiri halikutimia, nawe utajiona huna haki ya kuketi kwenye kiti ulichopewa katika mahari ya Kaari. Nakusihi, usifanye hivyo kabla hujaniona uso kwa uso. Kama kuna kitu cha kurudisha, rudisha cheti, nami nitarudisha changu siku hiyo hiyo, mbele ya kamati. Lakini kondoo aliyeliwa na ndugu wawili hana mahali pa kurudishwa.

Tarehe ishirini na saba nitakuja. Ukiniambia nisimame mimbarani, nitasimama na kusema yaliyomo katika barua hii, maana mengine sina. Ukiniambia niketi nyuma pamoja na wageni, nitaketi. Na ukinikuta langoni ukanipa mgongo, nitajua njia ya kurudi, nami sitakulaumu.

Nisalimie Igoki na watoto na wajukuu wote. Rwamba anawatumia salamu nyingi pamoja na viazi vikuu, ambavyo nitavibeba mwenyewe. Katika barua zote nilizokuandikia kwa miaka kumi na mmoja nimeliruka jina moja, kwa kuwa ulitaka hivyo. Leo naomba nisiliruke. Nisalimie Mukiri.

Bwana akulinde utokapo na uingiapo.

Ni mimi ndugu yako, mwenye kukuomba msamaha,

Elphas Njuki